CHOMBO CHA KUFYATUA UTANDO: SOMO LA NISHATI NA KANI

Wanafunzi wengi wa shule hii wamjua Spider-Man, yule shujaa wa hadithi za picha avaaye barakoa na kuruka baina ya majumba marefu ya New York huku akining'inia katika utando. Wachache kati yao wajua ya kwamba wako watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, ambao jioni na siku za mapumziko hukaa mezani wakiunda kile chombo chake cha mkononi, si cha kutazamwa tu bali chenye kufanya kazi kweli. Baadhi ya wanafunzi wa chama chetu cha sayansi wameomba ruhusa wafanye vivyo hivyo. Sikusema ndiyo wala sikusema hapana. Niliwaambia ya kwamba jibu litoke katika hesabu, na hesabu zenyewe ni hizi nizitoazo hapa, ili na wazazi wapate kuzisoma.

1. Chombo chenyewe katika hadithi

Spider-Man alitokea mara ya kwanza katika kitabu cha picha kiitwacho Amazing Fantasy, toleo la 15, la Agosti 1962. Mwandishi alikuwa Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Shujaa huyo, jina lake halisi Peter Parker, ni mwanafunzi wa sekondari, yatima aliyelelewa na ami yake. Aliumwa na buibui akapata wepesi na nguvu za ajabu. Lakini utando hakupewa na buibui. Aliubuni mwenyewe kwa elimu yake ya sayansi, akaunda vyombo viwili vidogo na kuvifunga katika vifundo vya mikono.

Filamu hazikukubaliana juu ya jambo hili. Katika ile ya 2002 utando hutoka katika mwili wake mwenyewe. Katika ile ya 2012 chombo kilirudishwa, na katika ile ya 2017 aonekana darasani akichanganya maji ya utando kwa siri, mwalimu asimwone. Mafundi niwasemao hupenda chombo kuliko mwili, nami naona wana haki. Nguvu za kuumwa na buibui hakuna awezaye kujifunza. Chombo ni kazi ya akili, na kazi ya akili yaweza kujaribiwa na kila mtu.

Hadithi yasema hivi: ndani ya chombo mna vichupa vya maji yaliyoshindiliwa. Shujaa akibonyeza kiganja kwa vidole viwili vya kati, maji hupita katika tundu jembamba, na yakikutana na hewa huganda yakawa uzi. Uzi huo hunata popote ugusapo, hubeba mtu, kisha baada ya saa moja hivi huyeyuka na kutoweka.

Basi tukitazama vizuri, twaona ya kwamba chombo kimoja chadaiwa kufanya kazi tatu: kurusha uzi, kuunatisha, na kubeba mzigo. Somo langu lote ni hili: kila kazi peke yake yawezekana, na mafundi wameionyesha. Shida ni kuzifanya zote tatu pamoja kwa uzi mmoja.

2. Mafundi wafanyavyo

Wako wanaotengeneza umbo tu, aghalabu kwa printa ya 3D, mashine ijengayo kitu kwa plastiki iliyoyeyushwa, tabaka juu ya tabaka. Hao hawatuhusu leo. Waliobaki hufuata mojawapo ya njia nne.

Njia ya kwanza ni povu. Tangu 1972, mwaka ambao Wamarekani wawili, Leonard Fish na Robert Cox, walipata hati ya ubunifu wao, yauzwa mikebe ya kuchezea irushayo nyuzi za povu zenye rangi. Ndani ya mkebe mna utomvu wa plastiki uliochanganywa na gesi iliyoshindiliwa. Mchanganyiko ukitoka, gesi huvukiza mara moja na utomvu huganda ukawa uzi mwororo. Fundi huuficha mkebe katika mkono wa nguo, akavuta mpira mwembamba hadi kwenye kifundo. Kwa macho, njia hii yafanana na hadithi kuliko zote. Kwa nguvu haifai kitu, kwani uzi wenyewe hukatika ukivutwa na mtoto mchanga.

Njia ya pili ni mshale mdogo wenye uzi. Mshale husukumwa na kamani, yaani springi, au na hewa iliyoshindiliwa, au na sumaku ya umeme. Nyuma yake hufuata uzi uliokunjwa vizuri, na mbele huwekwa ndoana au sumaku. Hii ni ndugu ya manati, ila mpira wa manati umeachia nafasi yake kitu kingine.

Njia ya tatu ni kitanzi. Magurudumu mawili madogo yazungushwayo na mota hubana uzi uliofungwa ncha kwa ncha na kuurusha mbele bila kukoma. Uzi huelea hewani kama nyoka, waenda na kurudi, wala hauanguki maadamu magurudumu yazunguka. Ni jambo zuri sana la kutazama, lakini kitanzi hakishiki kitu.

Njia ya nne ni kuigawa kazi. Mkono hurusha ndoana, na mota iliyofungwa kiunoni au mgongoni huvuta kamba. Hapa fundi amekiri ya kwamba kifundo cha mkono hakitoshi, akauomba mwili mzima usaidie.

3. Hesabu ya kurusha

Tuchukue kamani yenye ugumu wa niutoni 500 kwa kila mita, nasi tuibane sentimita 6. Kani itakiwayo mwishoni ni niutoni 30, sawa na kusukuma mzigo wa kilo 3 kwa kidole gumba. Nishati iliyowekwa akiba ni nusu ya ugumu mara mraba wa mbano:

½ × 500 × 0.06 × 0.06 = jouli 0.9.

Mshale wa gramu 10 ukipewa nishati hiyo yote utaondoka kwa mwendo wa mita 13 hivi kwa sekunde. Ukirushwa juu wima, na tusipohesabu ukinzani wa hewa, utafika kimo cha mita 9. Si haba kwa kamani itoshayo kukaa kifundoni. Tena tukiufunga mshipi wa kuvulia samaki wenye unene wa milimita 0.3, mita 5 za mshipi huo hazifiki nusu gramu. Mshale hautauona uzito wake.

Lakini mshipi huo hukatika kwa mzigo wa kilo 5 hivi. Kwa kubeba mtu, wapanda milima hutumia kamba ya unene wa milimita 10, ambayo kila mita yake ni gramu 65 hivi. Mita 5 ni gramu 325. Kuisimamisha kamba hiyo wima, hata bila mtu na bila ndoana, kwataka kuuinua wastani wa uzito wake mita 2.5:

0.325 × 9.8 × 2.5 = jouli 8.

Kamani yetu ina jouli 0.9 tu. Imepungukiwa karibu mara tisa. Hapa ndipo mwanafunzi aone kiini cha mambo: uzi urukao haubebi, na kamba ibebayo hairuki.

Mtu atauliza, Je, hakuna nyuzi za kisasa? Ziko. Dyneema, kwa mfano, hutengenezwa kwa jamii ile ile ya plastiki ya mifuko, ila chembe zake zimelazwa zikaelekea upande mmoja. Huelea majini, na kwa uzito ulio sawa ina nguvu kupita waya wa chuma. Mafundi hodari huitumia, na yapunguza sana shida ya uzito. Hata hivyo yabaki maswali mawili: uzi utashika wapi, na mkono utavumilia nini? Sumaku hushika chuma tu, wala haijui ukuta wa matofali. Ndoana hushika ukingo kwa bahati, na kilichoshika kwa bahati huachia kwa bahati.

4. Hesabu ya kubembea

Wanafunzi wengi hudhani ya kwamba uzi uwezao kuning'iniza mtu waweza pia kumbembeza. Sivyo. Tumtwae mtu wa kilo 50. Akining'inia kimya, kamba huvutwa kwa niutoni 490. Sasa aanze kubembea kamba ikiwa imelala sawasawa na ardhi. Akifika chini kabisa, nishati ya kimo imegeuka kuwa nishati ya mwendo:

½mv² = mgL, kwa hiyo v² = 2gL.

Ili mtu apinde njia yake katika duara, kamba hapana budi imvute kwa mv²/L zaidi ya uzito wake, nayo ni 2mg. Jumla ni 3mg, yaani mara tatu ya uzito wake: niutoni 1,470. Angalieni ya kwamba urefu wa kamba, L, umetoweka katika hesabu. Kamba fupi au ndefu, jibu ni lile lile.

Jaribio hili ni rahisi na halina hatari. Funga jiwe la gramu 200 kwa uzi, uzi uutundike katika mizani ya kamani, na mizani ishikiliwe imara katika kibanio. Soma uzito jiwe likiwa limetulia: niutoni 2 hivi. Kisha liinue jiwe mpaka uzi ulale, uliachie, nawe utazame mshale wa mizani jiwe lipitapo chini. Nimelifanya mara nyingi katika maabara yetu, na kila mara mshale ulipita mara mbili ya uzito wa jiwe bila shida. Haufiki mara tatu kamili, kwa sababu ya ukinzani wa hewa na kwa kuwa mizani yenyewe huchelewa na kusogea, lakini funzo laonekana wazi.

Basi fikirini kifundo cha mkono mmoja kikivutwa kwa uzito wa watu watatu, na mtu mwenyewe yu juu ya paa.

5. Kusimama kwa ghafula

Waandishi wa hadithi wenyewe waliwahi kulikabili jambo hili. Katika toleo la 121 la The Amazing Spider-Man, la Juni 1973, msichana Gwen Stacy, mchumba wa shujaa, aangushwa kutoka darajani. Spider-Man arusha utando, amdaka kabla hajafika majini, amvuta juu kwa furaha, na akuta amekwisha kufa. Wasomaji walihuzunika sana na kutaka kujua sababu. Mhariri alijibu baadaye ya kwamba kilichomuua ni kule kusimamishwa kwa ghafula. James Kakalios, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, amelifanya tukio hilo somo katika kitabu chake cha 2005 juu ya fizikia ya mashujaa wa hadithi.

Nasi tulihesabu kwa udogo. Mtu wa kilo 50 akianguka mita 5, mwendo wake ni karibu mita 10 kwa sekunde. Kamba isiyonyumbuka ikimsimamisha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kani ya kamba ni niutoni 5,400 na zaidi. Akisimamishwa kwa sekunde nzima, kani haifiki niutoni 1,000. Mtu ni yule yule na kimo ni kile kile. Kilichobadilika ni muda tu. Ndiyo maana kamba za wapanda milima hufumwa zinyumbuke, na ndiyo maana uzi wenye nguvu kupita kiasi usionyumbuka waweza kuua kuliko kuokoa.

6. Buibui mwenyewe hufanyaje?

Buibui wa kawaida harushi utando wake kama shujaa huyu. Huugusisha mahali unate, kisha huuvuta kutoka tumboni mwake kwa mguu au kwa uzito wa mwili aendapo. Akitaka kuvuka nafasi, huachilia uzi mwembamba upeperushwe na upepo mpaka unase upande wa pili. Yaani naye ameigawa kazi: upepo hurusha, gundi hunatisha, na uzi unene huongezwa baadaye kwa kupita juu ya ule mwembamba. Wako buibui wa jamii ya Scytodes watemao gundi yenye sumu na kulibana windo, lakini hutema kwa umbali mdogo mno, wala hawabembei katika mate yao.

Hariri ya buibui kweli ni ya ajabu. Iliyo bora huvumilia niutoni 1,000 hivi kwa kila milimita ya mraba. Mwaka 2013 wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walipiga hesabu ya lile tukio la filamu ya 2004, ambapo Spider-Man asimamisha garimoshi kwa utando. Walipata kani ya niutoni 300,000 hivi, wakaona ya kwamba hariri iliyo kama ya buibui ingeweza kuivumilia. Kwa hiyo uongo wa hadithi haumo katika uzi. Umo katika kurusha na kushika.

Habari ya karibu zaidi yatoka Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani. Mwaka 2024 watafiti wa maabara ya hariri walitangaza ya kwamba wamepata maji ya protini ya hariri, itokayo katika vifukofuko vya viwavi wa hariri, ambayo yakirushwa kwa sindano huganda papo hapo na kunata. Jambo hilo liligunduliwa kwa bahati: mmoja wao alikuwa akiosha vyombo vya kioo kwa asetoni akaona nyuzi zinaganda chini. Uzi wao uliweza kuinua kitu chenye uzito unaopita mara 80 uzito wa uzi wenyewe, kama vile bolti ya chuma na kisu cha mpasuaji kilichofukiwa nusu katika mchanga, kwa umbali wa sentimita 12 hivi. Lakini walisema wazi ya kwamba hariri ya buibui bado ina nguvu mara 1,000 hivi kuliko uzi wao. Basi kurusha na kunatisha wamekaribia. Kubeba mtu bado.

7. Yafaayo na yasiyofaa

Sasa naweza kulijibu ombi la chama cha sayansi.

Yafaa kuunda chombo cha kamani chenye mshale mwepesi wa mpira laini na uzi mwembamba, na kukipima: umbali bila uzi, umbali na mshipi, umbali na kamba ya katani. Andikeni vipimo katika jedwali na kuchora grafu. Kila mmoja avae miwani ya kukinga macho, na mshale uelekezwe ukutani, kamwe usielekezwe kwa mtu. Yafaa pia kuunda kitanzi cha magurudumu mawili kwa mota ndogo za betri, vidole na nywele vikiwa mbali nayo.

Haifai kutumia vichupa vya gesi ya kaboni dioksidi. Katika joto la sentigredi 20 gesi hiyo husukuma kuta za kichupa kwa mgandamizo wa karibu mara 57 ya hewa ituzungukayo, na katika jua letu huzidi sana. Haifai kuunda bunduki ya sumaku yenye kapasita, kwani kapasita zilizojazwa volti mamia huweza kuua hata baada ya waya kuchomolewa. Wala haifai, kwa sababu yo yote ile, kuning'inia katika chombo chetu: si mtini, si darini, si mtu mzima, si mtoto.

Wazazi wakimwona mtoto akifunga kamba darini kwa ajili ya mchezo huu, wasimpige. Wamwombe kwanza awahesabie 3mg, kisha wazitazame boriti.

Maswali ya kujipima (tumia g = 9.8)

1. Kamani yenye ugumu wa niutoni 400 kwa mita yabanwa sentimita 5. Tafuta nishati yake, na kimo ambacho mshale wa gramu 10 ungefika bila ukinzani wa hewa.

2. Mvulana wa kilo 40 abembea kutoka kamba iliyolala, kwanza kwa kamba ya mita 3, kisha ya mita 6. Kani ya kamba afikapo chini ni kiasi gani kwa kila moja?

3. Uzi wa hariri wenye unene wa milimita 1 huvumilia niutoni 1,000 kwa milimita ya mraba. Je, waweza kumning'iniza mtu wa kilo 50? Waweza kumbembeza? Kama hauwezi, unene gani watosha?

4. Kichupa cha kifundoni chachukua sentimita 20 za ujazo. Kikitoa uzi wa unene ulioupata katika swali la 3, utapata mita ngapi? Je, zatosha kuvuka barabara ngapi?

Majibu: (1) Jouli 0.5, mita 5.1. (2) Niutoni 1,176 kwa zote mbili. (3) Huvumilia niutoni 785: kuning'iniza ndiyo, kubembeza hapana, milimita 1.4. (4) Mita 13 hivi. Sehemu ya mwisho nendeni mkaijibu kwa kupima kwa futikamba barabara ya mbele ya shule, wakati hakuna magari.